Kadi Isiyo na Mwenyewe

Habari hii nilipewa na mjukuu wangu Kemirembe, Jumamosi ya kuamkia Pasaka mwaka huu, tukiwa tunamenya ndizi nyuma ya nyumba. Alikuwa amerudi kutoka Chonyonyo, alikokuwa akifanya kazi tangu Januari, na nilimwona anamenya huku amenyamaza, naye si mtu wa kunyamaza. Nikamwacha. Alipofika kichane cha pili akaanza mwenyewe.

Kazi yao ilikuwa hivi. Chama cha wakulima wa kahawa cha huko kilipata mradi wa kuitoa orodha ya wakulima kwenye madaftari na kuiingiza kwenye simu. Mkulima akileta kahawa ghalani, karani anabonyeza jina lake. Jina likitokea, kahawa inapokelewa. Jina lisipotokea, unarudi na gunia lako. Msimu unafunguliwa mwezi wa tano, na walitakiwa wawe wamemaliza kabla.

Watu wa mradi walikuwa watatu. Projestus, baba mmoja wa Bukoba mwenye upara na maneno machache, ndiye fundi wa kuandika hiyo programu. Jovitha, wa Muleba, ndiye aliyeamua kipi kitangulie kutengenezwa na kipi kisubiri. Kemirembe wangu aliendesha mikutano na kuondoa vikwazo. Nilimuuliza, "Yaani unalipwa kwa mikutano?" Akasema, "Bibi, ungeiona yenyewe usingeuliza."

Walikutana kila siku saa mbili asubuhi, mle ghalani, wamesimama. Robo saa, basi. Kila mmoja anasema jana alifanya nini, leo anafanya nini, na kitu gani kimemkwamisha. Wanafundishwa kwamba watu wakikaa wataongea mpaka mchana. Ukutani walibandika kadi, kila kazi na kadi yake, katika safu tatu: Bado, Inafanyika, Imekwisha. Kadi iliyo juu kabisa kwenye safu ya Bado ndiyo fundi anayoichukua. Haulizi. Anaibandua, anaisogeza, anafanya.

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, waliwaita wenye chama waje waone kilichotengenezwa na waseme wanachotaka. Kwa upande wa uongozi alikuja katibu, Melkiory. Kwa upande wa wakulima alichaguliwa mama mmoja mjane anayeitwa Uwingabire, ambaye watu humwita Mama Fidele kwa jina la mwanawe. Wazazi wake walitoka Rwanda yeye hajazaliwa. Kibanja cha migomba na kahawa alichoachiwa na mumewe ndicho kinachomlisha na kumvisha. Kitambulisho cha taifa hana. Fomu alijaza, alama za vidole aliweka, na bado anasubiri.

Ijumaa ya kwanza Mama Fidele alifika mapema kuliko wote. Anasoma taratibu, kidole kikitangulia. Juu ya zile kadi kulikuwa na karatasi yenye majina ya watu wa mradi. Fundi: Projestus. Mwendesha mikutano: Kemirembe. Mwenye mazao: Jovitha.

"Huyu dada ana shamba hapa?" akauliza.

"Dada yupi, mama?" Kemirembe akasema.

"Huyu Jovitha."

"Hapana, yeye ni wa Muleba."

"Basi mazao yake ni yapi?"

Hapo Kemirembe alicheka, na aliniambia mwenyewe kwamba kicheko kile kilimgharimu. Akaeleza kwamba katika mafunzo yao mtu anayesimamia kitu kinachotengenezwa ana jina la kigeni, na Jovitha alilitafsiri mwenyewe siku moja wakiwa na haraka. "Ni jina la kazi tu, mama."

"Jina tu," Mama Fidele akasema. "Na mimi Mama Fidele ni jina tu. Lakini Fidele yupo."

Alikaa mkutano mzima akimtazama Jovitha mikono.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alikuwa mlangoni pa ghala na kapu lake. Si siku yake ya mkutano. Alisema anapumzika, mlima umemchosha, ingawa alikuwa hajapanda mlima wowote. Jumanne akapumzika tena.

Niseme ukweli, hata mimi ningeshuku. Kwetu watu wazima hawaongei jambo wamesimama. Mgeni akija unampa kiti kwanza, unampa kahawa ya kutafuna, ndipo unamsikiliza. Wanaoongea wamesimama ni waliokuja kuleta habari ya msiba, au wanaotaka kuondoka kabla hujauliza. Sasa hawa kila asubuhi wanasimama mbele ya ukuta wenye majina, wananong'ona upesi upesi, wanahamisha kipande cha karatasi kutoka hapa kwenda pale, wanatawanyika. Mmoja wao ameandikwa ni mwenye mazao.

Kufika Ijumaa walikuwa wanawake saba mlangoni. Walikuwa wamesimama nje kuwaangalia waliosimama ndani. Mukamusoni, rafiki yake Mama Fidele, alikuja na kiti cha miguu mitatu, akakiweka, na hakukikalia. "Nimewaletea hao," akasema. "Naona wamekosa viti."

Jovitha alichoka. Alimvuta Kemirembe pembeni. "Wewe kazi yako ni kuondoa vikwazo. Kikwazo kile pale, kimevaa kanga."

"Hawajazuia kitu," Kemirembe akasema.

"Wananihesabu meno. Nikipiga chafya kijiji kizima kinajua."

Na katibu Melkiory, aliyekuwa akipita kuchukua funguo, akatia lake. "Wenzetu hao hawajaridhika na kitu tangu wavuke mto kutoka Rwanda." Alisema akitabasamu, kwa sauti ya kusikika mlangoni.

Kemirembe aliniambia neno lile lilimkaa moyoni. Lakini hakumshuku katibu. Alimshuku Jovitha. Jina la mwenye mazao lilikuwa limemwingia na yeye, akaanza kuuona mkono wa Jovitha kwenye kila jambo: kwa nini kadi hii imepanda, kwa nini ile imeshuka. Jovitha naye, kumbe, alikuwa akimshuku Kemirembe, kwamba kwa kuwa ni mtu wa huku anawapelekea akina mama maneno. Kila asubuhi wanasimama bega kwa bega, wanasema jana nilifanya hivi, leo nitafanya vile, na ukiwauliza kilichowakwamisha wanasema hakuna.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, Projestus alianza kama kawaida. "Jana nilimaliza ukurasa wa kupokelea kahawa. Leo nachukua hii ya juu." Akaibandua, akaisoma. "Kusafisha orodha. Kuondoa wasio na namba ya kitambulisho. Wako thelathini na tisa. Ni kazi ya nusu siku."

"Sawa," Jovitha akasema, akidhani ni kadi ya Kemirembe.

Kemirembe akamtazama Jovitha, akidhani ni yake.

Mama Fidele akaingia. Tangu aanze kuja asubuhi zile hakuwahi kuvuka mlango. Aliingia na kapu mkononi, akasimama katikati yao.

"Soma tena, baba," akamwambia Projestus.

Projestus akasoma tena, polepole kidogo.

"Mnasafisha," Mama Fidele akasema. "Uchafu ni nani?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Kahawa yangu imeanza kuiva upande wa juu. Mwezi wa tano naileta hapa, mnabonyeza, sitokei. Niambieni sasa, ili nijue kama niendelee kupalilia au niache."

"Mama, hiyo siyo—" Jovitha akaanza.

"Wewe nyamaza, mwenye mazao. Zamu yako inakuja."

Jovitha akaangalia saa yake. "Robo saa imeisha, Kemirembe."

"Imeisha," Kemirembe akasema. "Projestus, usiguse kitu. Kadi nipe. Tukae."

Hapa nilimsimamisha nikamuuliza alijifunza wapi, maana mikutano yao haina kukaa. Akasema hakujifunza popote, ila jambo lile halikuwa la kusimama. Walivuta magunia matupu, wakayakunja. Mukamusoni akaingiza kile kiti chake cha miguu mitatu, akakiweka mbele ya Mama Fidele, safari hii kikakaliwa. Kemirembe akaagiza katibu aitwe. Na akina mama wa mlangoni akawaambia waingie au wabaki, vyovyote, ila wasiondoke, maana jambo lilikuwa lao.

Melkiory alifika anafuta jasho. Kemirembe alimwamkia, "Shikamoo, katibu," akamwonyesha pa kukaa. Kisha akaiweka ile kadi sakafuni katikati, mahali ambapo kila mtu aliiona.

"Sitauliza nani ana haki," akasema. "Nauliza kwanza, kadi hii ni ya nani?"

"Siyo yangu," Projestus akasema. "Mimi nachukua, siweki."

"Siyo yangu," Jovitha akasema. "Na kabla hamjaniangalia hivyo, siyo yangu."

"Yangu siyo," Kemirembe akasema.

Melkiory akaweka mikono kwenye magoti. "Mimi ni mtu wa chama. Mambo ya kadi ni yenu vijana. Lakini kama mnataka kujua, si mmeandika wenyewe pale juu nani mwenye mazao?"

Macho yote yakaenda kwa Jovitha. Mlangoni mtu akaguna. Kemirembe anasema aliona machozi yakimlenga Jovitha. Hata hivyo, Mungu amsamehe, moyoni alikuwa akisema, basi nilijua.

Mama Fidele akainama, akaiokota kadi. Akaisoma na kidole chake, herufi moja moja, tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akarudi mahali fulani, kidole kikasimama. Akaikunja mara mbili, akaishika kiganjani.

"Kabla hamjanitoa," akasema, "nataka kujua kama mnanijua. Nipeni karatasi nne. Kila mmoja aniandikie jina langu, lile la ubatizo aache, aandike la wazazi wangu. Asichungulie kwa mwenzake."

"Mama Fidele, sasa hii ni shule?" Melkiory akasema.

"Nilitoka shule darasa la tatu, katibu. Nisaidie nimalizie."

Watu wakacheka kidogo. Wakapewa karatasi. Projestus aliandika, Jovitha akaandika, Kemirembe akaandika. Katibu alimaliza wa kwanza, upesi, kama mtu anayetia saini kitu alichokizoea. Mama Fidele akazikusanya, akazipanga sakafuni. Kisha akaikunjua ile kadi, akaiweka kando ya zile karatasi.

Kadi ilikuwa imeandikwa, pamoja na jina ambalo Projestus aliliruka aliposoma: *Kusafisha orodha. Waondolewe wasio na namba, Uwingabile na wenzake 38.*

Karatasi tatu zilisema Uwingabire. Moja ilisema Uwingabile.

Mukamusoni ndiye aliyeanza kuguna, akafuata mwingine.

"Miaka kumi na miwili," Mama Fidele akasema, "katibu ananiandika kwa L. Kwenye barua za mkutano, L. Siku ya mazishi ya mume wangu alisoma jina langu, L. Nimemwambia kanisani, nimemwambia njiani."

"R na L ni kitu kilekile," Melkiory akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Huku kwetu sote tunachanganya."

"Kweli mnachanganya. Leo siyo kitu kilekile."

Katibu alikaa akizitazama zile karatasi. Kemirembe anasema alitaka kumkemea, ulimi ulikuwa tayari. Badala yake akamuuliza, "Katibu, unaogopa nini?"

Mzee yule aliisogeza mbali karatasi yake. Kisha akasema kwamba msimu uliopita walikuja wakaguzi, wakamsimamisha mbele ya mkutano, yeye mtu mzima, watoto wa shule wakipita, wakamuuliza kwa nini orodha yake ina watu wasio na namba. Kwamba majina ya namna ile ndiyo magendo yanapopitishiwa, kahawa ya watu wengine inapewa jina la mtu asiyejulikana. Waliahidi kurudi. "Ningesema kwenye mkutano wenu wa Ijumaa, huyu mama angekataa, mngepiga kura. Jana jioni nilikuwa na ufunguo. Nikaibandika juu."

"Kwa sababu kadi ya juu haiulizwi," Projestus akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile bila kuulizwa.

"Sasa nisikilize jirani yangu," Mama Fidele akasema, na ndipo wengi wakakumbuka kwamba hawa wawili ni majirani. "Ungenitoa, kahawa yangu ningeipeleka wapi? Haiozi kwenye mti kwa kukuhurumia wewe. Ningeipeleka kwa haohao wa magendo. Ungekuwa umewapa wateja thelathini na tisa."

Mama Fidele akahamisha kapu lake pembeni.

"Kitambulisho sina," akaendelea. "Mpaka wa shamba ninao. Kibanja changu kina mramura, ule mti wa mpaka, pande zote, mume wangu alipanda, na kila upande kuna mtu aliyekuwepo ukipandwa. Upande wa chini ni Mukamusoni. Upande wa juu ni nani, katibu?"

Katibu alijikuna shingo. "Ni mimi."

"Sikusikia."

"Ni mimi, Mama Fidele."

Hapo ghala zima lilicheka, naye akacheka kidogo kwa aibu.

Kemirembe akamgeukia Jovitha. Akamuuliza, mbele ya wote, kama inawezekana mkulima asiye na namba adhaminiwe na majirani wawili anaopakana nao, waandikwe kwa majina, na idadi ya mashina yake ya kahawa waulizwe wao. Wakaguzi wakija, katibu asisimame peke yake, kila jina liwe na watu wawili wanaolijua shamba. Jovitha alifikiri. Akamuuliza Projestus itachukua muda gani. Siku mbili, akasema, lakini jina la kwanza anaweza kulijaribu leo. Jovitha akamuuliza katibu kama itamtosha. Katibu akasema wakaguzi watauliza zaidi, lakini atakuwa na la kujibu. Hapo Jovitha akasema sawa, akaandika kadi mpya, na chini yake akaandika jina lake. Wakakubaliana kuanzia siku ile kadi isiyo na jina la aliyeileta haisogezwi, hata ikiwa juu kabisa, na jina la mkulima haliguswi mwenyewe akiwa hayupo.

"Na lile?" Mukamusoni akasema, akionyesha ukutani. Mwenye mazao.

"Kazi yako hasa ni ipi?" Mama Fidele akamuuliza Jovitha.

"Kitu kikiharibika, mimi ndiye ninayeulizwa."

"Basi andika Wa Kuulizwa. Tutakuuliza."

Jovitha akapanda kwenye gunia, akafuta, akaandika hivyo. Aliposhuka alipita karibu na Kemirembe akasema, taratibu, asisikike na wengine, "Uliniangalia mimi kwanza." Mpaka wanaachana kwa likizo ya Pasaka walikuwa wanasalimiana vizuri, lakini chai kila mtu alikunywa kivyake. Hilo ndilo lililokuwa limemnyamazisha wakati wa kumenya ndizi, nadhani. Nilimwambia akirudi amwombe radhi akiwa amekaa, siyo kwenye ule msimamo wao. Alisema ataona.

Katibu alitia saini ya udhamini wa jirani yake, na kabla ya kuandika jina aliuliza, "R?" Akaambiwa R. Akaaga haraka, akaenda. Akina mama wakatawanyika mmoja mmoja, Mukamusoni wa mwisho wao, akisema viazi vyake viko motoni tangu asubuhi.

Mama Fidele hakuondoka. Alihamia kwenye rundo la magunia karibu na meza ya Projestus, akakaa akimtazama vidole. Kemirembe akamwambia, "Mama, nenda nyumbani, tutakuita."

"Nitaitwa kwa jina gani? Acha niangalie."

Wakamwacha. Ilipofika saa saba mchana Projestus akageuza simu kumwelekea. Uwingabire. Wadhamini: Mukamusoni, Melkiory.

"Zima," akasema.

Akazima.

"Washa."

Akawasha, akatafuta. Jina likatokea.

"Zima tena. Safari hii tafuta kwa L."

Projestus akatafuta kwa L. Hakutokea mtu. Akatafuta kwa R, akatokea. Mama Fidele akaomba aishike simu mwenyewe, akapitisha kidole chini ya jina lake, mara mbili, kisha akairudisha.

"Kesho nitakuja kuangalia," akasema.

"Njoo, mama," Projestus akasema, akaenda kula. Jovitha alikuwa ameshaondoka. Kemirembe alibaki akikunja magunia waliyokalia, na alipogeuka kumuuliza Mama Fidele kama anapenda chai, hakujibiwa. Wiki tatu yule mama alikuwa akiamka kabla ya jogoo ili awahi mlango. Sasa alikuwa ameegemea rundo, kapu miguuni, ile kadi yenye L imefungwa kwenye pindo la kanga yake, mkono juu ya fundo, amelala.